Ng'ombe Wawili wa Afisa wa Macho

Hakuwa daktari. Naanza na hilo kwa sababu katika miaka yote niliyokuwa afisa tawala wa hospitali ile ya misheni, upande wa Kwa Vonza, hakuna kosa nililolisahihisha mara nyingi kuliko hilo, wala hakuna lililonirudia kwa ukaidi zaidi. Alikuwa afisa wa kliniki mwenye mafunzo ya macho. Cheo chake kiliandikwa mlangoni kwa rangi ya buluu, kwa maagizo yangu. Wagonjwa walikisoma, kisha wakaingia na kusema, "Habari yako, Daktari." Yeye hakuwakanusha. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba mtu aliyetembea tangu alfajiri na maumivu ya kichwa ana haki ya kumwita daktari mtu yeyote amtakaye. Mimi hapa nitamwita Afisa wa Macho, kwa kuwa hilo ndilo sahihi.

Sina nia ya kumpamba, wala sina nia ya kumdhulumu. Nimewasikia watu wa Matiliku wakimsifu kana kwamba hakuwahi kumkaripia mtu. Nimemwona pia mke wangu, nyumbani kwetu Kathonzweni, akiinuka mezani kila alipotajwa. Pande zote mbili zina sababu zao. Lakini mimi nilifanya kazi naye mlango kwa mlango, na mjukuu wangu alikaribia kupoteza jicho la kushoto kwa ajili ya mfano mmoja wa mwanamke huyu, mfano mzuri kupita kiasi. Naona ni wajibu wangu kuyaweka mambo sawa.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hatua za mtu aliyechelewa, ingawa kuchelewa hakukumsumbua hata kidogo. Mkutano wa wakuu wa idara ulipoanza, kiti chake kilikuwa kitupu. Ulipokaribia kwisha, aliingia, akaketi, akatikisa kichwa kukubali jambo ambalo hakulisikia. Kwenye kliniki za nje, hata hivyo, hakuna aliyemtangulia. Hospitali ilikuwa na gari la kazi hiyo. Gari lilikuwa na ratiba, na ratiba ilikuwa na sahihi yangu. Yeye alikuwa na pikipiki yake. Siku ya soko Matiliku, dereva wetu akiwa bado anatafuta ufunguo, Afisa wa Macho alikwisha kufika na kuketi kwenye veranda ya duka la mbegu, foleni imejipanga mpaka kwa wauza maembe. Nilimwandikia barua kuhusu bima na taratibu za usafiri, tena si mara moja. Hakujibu. Nilipomfuata chumbani mwake alisema, "Mzee wa Ofisi, hizo barua zako nazipenda sana. Unaandika herufi kubwa."

Sikujua kama ile ilikuwa sifa au kejeli. Hadi leo sijui.

Ukweli wa mambo ni kwamba alihitaji herufi kubwa. Mwanamke huyu aliyewaandikia miwani watu wa kata nzima hakukubali kuvaa miwani ya kusomea. Zamu yake ya kusoma Neno katika ibada ya asubuhi ilipofika, aliiweka Biblia kwenye kizingiti cha dirisha, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasoma akiwa amesimama katikati ya kanisa dogo kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Wauguzi waliinamisha vichwa ili wasicheke. Mchungaji wa hospitali alimuuliza siku moja kwa upole, "Dada, kwa nini usijisaidie na miwani?" Akajibu, "Nikivaa, nani atanipima?" Jibu hilo halikuwa na maana yoyote, na lilimtosha.

Kwa watoto alikuwa mwingine kabisa. Alikaa nao sakafuni, sketi imejaa vumbi, akawaacha wamvute masikio mradi wamtazame. Alikuwa na kidoli cha kitambaa alichokipitisha hewani kama ndege, na mtoto aliyefika akilia aliondoka akikililia kidoli. Ila mama wa mtoto huyo huyo akithubutu kusema kwamba walichelewa kuja, basi. "Mmekuja leo? Kwani mtoto amezaliwa leo?" Wapo akina mama waliozunguka hadi hospitali ya mbali zaidi ili wasisikie swali hilo. Nilimweleza kwamba hospitali hupoteza wagonjwa kwa namna hiyo. Akasema, "Wakirudi watakuwa wamejifunza." Wengine hawakurudi. Hilo nalo liandikwe.

Kila mtu ana jambo moja ambalo ukimgusa nalo hanyamazi. Lake lilikuwa namna macho yanavyotazama kitu cha karibu. Nalieleza kama alivyonieleza mimi, mara nyingi kuliko nilivyoomba.

Ndani ya kila jicho kuna lenzi hai, laini. Mtu mwenye macho ya kawaida akitazama mlima, lenzi hiyo imetulia. Akitazama ukurasa, msuli mdogo huifanya ivimbe ili maandishi yasomeke. Hiyo ni kazi ya kwanza. Kazi ya pili hufanywa na misuli ya nje, ile inayolishika jicho kama kamba za hema: huyageuza macho yote mawili kuelekea puani ili yakutane juu ya kitu kimoja. Yasipokutana, mtu huona herufi mbili mahali pa moja. Kazi ni mbili, lakini zimefungwa pamoja. Ubongo ukiamuru lenzi ivimbe, macho hugeuka ndani bila kuambiwa. Macho yakigeuka ndani, lenzi nayo hufuata. "Mbali ni mapumziko, karibu ni kazi," alizoea kusema, na alilisema hilo kwa mafundi cherehani, kwa wasusi wa vikapu vya kiondo, kwa karani wangu, na hata kwa mchungaji, aliyelitumia katika mahubiri kwa maana ambayo Afisa wa Macho alimwambia baadaye kwamba ilikuwa potofu.

Hakuridhika kusema tu. Ilikuwa lazima aonyeshe. Alikuja siku moja mkaguzi kutoka makao makuu, mtu mnene mwenye heshima zake, kukagua vifaa vya idara. Nilimtangulia na funguo za makabati. Tulipoingia kwake, kabla sijamaliza kumtambulisha mgeni, Afisa wa Macho alikwisha mkalisha.

"Kichwa kinakuuma jioni?"

"Mara moja moja," alisema mkaguzi.

"Ziba jicho la kushoto na kiganja. Usikandamize, acha nafasi. Sasa tazama mti ule wa nje kwa jicho la kulia." Akamwinulia kalamu mbele ya uso. "Sasa tazama ncha ya hii. Mpaka uione vizuri. Mzee wa Ofisi, wacha hizo funguo, kuja huku kando uone."

Nilikwenda, kwa kuwa mgeni alikuwa amekaa na sikutaka zogo. Nikachungulia nyuma ya kiganja chake. Jicho lile lililozibwa, ambalo halikuona kalamu wala chochote, lilikuwa limegeuka ndani. Akamrudisha kwenye mti, likatoka. Akamrudisha kwenye kalamu. Likaingia tena, gizani, likilifuata lile la wazi.

"Umeona? Hakuna mtu amelituma," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikupata kuiona kwenye mkutano wowote wa wakuu wa idara.

Mkaguzi aliondoka na karatasi ya miwani mfukoni. Makabati hayakufunguliwa. Ni mimi niliyebaki kueleza makao makuu kwa nini taarifa ya ukaguzi haikuwa na sehemu ya macho. Nilighadhibika siku ile, na sijajuta kughadhibika. Ila nakiri kwamba nilipofika nyumbani kwangu kwenye nyumba za wafanyakazi nilijiziba jicho mbele ya kioo, nikajaribu kujichungulia, nikashindwa.

Sasa nifike kwa mjukuu wangu.

Binti yetu anafanya biashara Kwa Vonza, na mtoto wake, ambaye ni msichana, alilelewa na mke wangu shambani Kathonzweni. Mimi nilikaa hospitalini siku za kazi na kurudi nyumbani Jumamosi usiku. Alipokaribia umri wa kuanza shule ya chekechea, jicho lake la kushoto lilianza kuingia puani. Akitazama ng'ombe malishoni, liliingia kidogo. Akitazama sahani yake, lilijificha karibu lote. Jirani mmoja alisema ni simu. Mwingine alisema litanyooka lenyewe akiota meno ya ukubwani. Mke wangu hakungoja meno. Siku ya kliniki ya Kathonzweni alimvalisha mtoto viatu, akampeleka, wakawa wa kwanza kwenye foleni.

Nilikuwepo siku hiyo, kwa kuwa nilikuja na gari. Afisa wa Macho alimtia mtoto matone ya kulegeza ule msuli wa ndani, akasubiri, akampima. Alisema mtoto amezaliwa na macho ambayo hata kwa kutazama mbali hulazimika kufanya kazi ya karibu, na la kushoto limezidi. Miwani itamwondolea kazi hiyo, na jicho litanyooka. Lisiponyooka, ubongo utachoka kupokea picha mbili, utaizima ile ya kushoto, na akishakuwa msichana mkubwa haitawashwa tena na mtu yeyote. Hayo yote aliyasema vizuri. Laiti angeishia hapo. Lakini alimtazama mke wangu, akaona mikono ya mkulima, na mfano ukamjia.

"Mwaitu, nyinyi hulima na ng'ombe?" Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na hivyo ndivyo alivyowaita wanawake wote waliomzidi umri.

"Tuko nao wawili."

"Basi macho iko na ng'ombe wawili, nira moja. Mmoja kazi yake ni kuona sawasawa. Mwingine kazi yake ni kugeuza jicho ndani. Ukimchapa mmoja, wanaenda wote, si ndiyo?"

"Ndiyo. Wamefungwa."

"Sasa huyu mtoto amepewa shamba ngumu. Ndio aone tu sahani yake, lazima amchape yule wa kuona, amchape sana. Na yule mwenzake atabaki? Hawezi. Anakimbia mpaka anatoka kwa mtaro. Ndio unaona jicho limeenda kwa pua. Miwani ni kumpumzisha yule wa kuona. Akipumzika, mwenzake anatulia."

"Nimeelewa," alisema mke wangu.

"Umeelewa kabisa?"

"Mimi nimelima na ng'ombe kabla wewe hujaenda shule."

Foleni ilicheka. Afisa wa Macho alicheka kuliko wote, akamwita mgonjwa aliyefuata. Hakusema miwani ivaliwe wakati gani. Mimi, niliyevaa miwani tangu ujana, sikuwazia kwamba swali hilo lipo. Miwani ilipoletwa, mtoto alivalishwa, na jicho likanyooka mbele ya macho yetu kama mlango uliowekwa bawaba. Mke wangu alishukuru Mungu kwa sauti.

Kilichofuata nilikijua baadaye. Juma la kwanza mtoto aliivaa kila siku. Kila jioni alipovuliwa ili aogeshwe, mke wangu aliona jicho likiingia ndani kwa kasi, na kupita lilivyokuwa kabla ya miwani. Hilo ni jambo la kweli na la kawaida. Wazazi wengi huliona, na Afisa wa Macho alilijua tangu chuoni. Hakulitaja. Mke wangu, akiwa peke yake na beseni la maji, alitafuta maana yake mahali alipopewa, yaani kwa ng'ombe. Kila mkulima wa kwetu anajua kwamba ng'ombe aliyekaa zizini mfululizo husahau nira. Ukimtoa, anavuta ovyo na kuharibu mistari yote. Anajua pia kwamba ng'ombe wa mtu wa kanisa hupumzika siku moja, Jumapili, na Jumatatu hurudi kazini. Basi mke wangu akaipangia miwani siku ya mapumziko. Jumatatu hadi Jumamosi ilikaa kwenye kasha lake, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Jumapili asubuhi ilishushwa.

Nami nilikuwa nyumbani Jumapili tu, kwani kila Jumamosi nilifika mtoto amelala. Nilimwona mtoto kanisani na miwani yake, jicho limenyooka, akimtazama mhubiri. Nilirudi kazini nikiwa nimeridhika.

Aliporudishwa kupimwa kwenye kliniki ya Kathonzweni, nami nikiwapo, Afisa wa Macho hakuanza na mtoto. Alishika miwani, akaigeuza geuza kwenye mwanga. Vioo havikuwa na mkwaruzo. Masikio ya fremu yalikuwa yanang'aa.

"Hii haijavaliwa."

"Huvaa," alisema mke wangu. "Kila Jumapili."

"Jumapili?"

"Si ulisema ni ya kupumzisha? Ng'ombe hupumzika Jumapili. Akikaa wiki nzima si atakuwa mvivu? Nilijaribu, nikaona jicho limekuwa jeuri."

Mzee mmoja kwenye benchi alitikisa kichwa. "Amesema ukweli. Hata mimi ningefanya vile."

Afisa wa Macho aliliziba jicho la kulia la mtoto, akakishika kidoli kile hatua moja mbali, akauliza ni kitu gani. Mtoto akajaribu kuusukuma mkono uliomziba. Hakuwa na hamu ya jicho alilobakishiwa. Akaulizwa tena. Akasema, "Ni kitu nyeusi." Kidoli kilikuwa chekundu na cheupe.

Ndipo Afisa wa Macho alipoinuka, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Mwaitu, wewe ndiye umempofusha huyu mtoto!"

Mke wangu aliifunga leso yake vizuri kiunoni, akatoka, akaenda zake nyumbani kwa miguu, na mtoto akabaki kwenye kiti akimwita, "Susu! Susu!" yaani bibi. Nilimchukua mimi.

Nilimfuata Afisa wa Macho ofisini kwake keshoye, bila barua. Nilifunga mlango. Nilimwambia kwamba mwanamke aliyefika kwanza kwenye foleni hastahili kuaibishwa mbele ya foleni. Nilimwambia kwamba alitumia muda kueleza ng'ombe na hakutumia hata pumzi moja kueleza siku. Akaanza kusema kwamba mtu yeyote mwenye akili angejua. Nikamkatiza.

"Huo mfano wa ng'ombe umewapa watu wangapi?"

Niliona akiwahesabu kichwani, uso baada ya uso, na niliona hesabu ilipokataa kwisha. Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Kitambaa," alisema mwishowe, akiitazama meza. "Mzibe jicho la kulia. Saa chache kila siku, acheze na vitu vidogo vidogo, na miwani iko juu. Miwani avae akiamka, avue akilala. Hata Jumapili, Mzee wa Ofisi."

"Jicho litapona?"

"Bado ni mdogo. Sijui."

Katika miaka yote ile sikuwa nimemsikia akisema neno hilo la mwisho.

Juma lililofuata hakuonekana. Hakuomba ruhusa, hakujaza karatasi yoyote, simu yake haikupatikana. Niliandaa barua ya onyo. Kabla sijaipeleka, habari zikaanza kuingia: alionekana na pikipiki akipanda milima ya Matiliku, alionekana akivuka mto mkavu kuelekea vijiji vya mbali, akiingia nyumba hata nyumba palipokuwa na mtoto aliyempa miwani. Hakusalimu. Aliuliza, "Iko wapi?" Katika nyumba moja ilikuwa nyuma ya picha ya harusi. Katika nyingine ilivaliwa na babu, aliyeisifu kwamba inamwonyesha punje za mtama. Mahali pengine ililetwa kutoka kwenye sanduku la nguo za kanisani, imekunjwa pamoja na soksi nyeupe. Alikaa chini katika kila nyumba, akaeleza upya, bila mifugo. Sikumpa ile barua. Lakini nyumbani kwangu hakufika, na nililiona hilo kuwa woga, nami naliita hivyo hadi sasa.

Nilistaafu muda mfupi baadaye, na kazi ya kitambaa ikawa yangu. Mke wangu hakutaka kukigusa. "Wewe ndiye msomi," alisema. "Mfunge wewe. Mimi nimefanya ya kutosha." Alimpikia mtoto, alimwogesha, alimsuka nywele; lakini miwani hakuigusa tena, na mtoto alipojikwaa kwenye kizingiti, mke wangu aligeuza uso. Usiku wa maombi ya familia alimwombea kila mtu kwa jina, na alipofika kwa mjukuu alinyamaza, nasi tukangoja, kisha akaendelea na mwingine.

Mtoto alipinga kwa nguvu zake zote. "Umau, naona kama moshi," aliniambia, umau ikiwa ni babu. "Toa kidogo tu. Natembea kama mlevi." Tulichambua pojo pamoja, tukitenga mawe. Tulipanga vifungo. Nilimfundisha herufi kwa kalenda ya ukutani. Siku nyingine alitupa kitambaa kuku wakakikanyaga. Ilichukua misimu kadhaa ya mvua, zile zilizonyesha na zile zilizokataa, kabla hajaacha kuusema ule moshi. Nilimpeleka kupimwa mahali pengine, na karatasi zilisema kuna maendeleo. Mke wangu hakuomba kusomewa.

Mwaka huu tulialikwa Matiliku kwenye sherehe ya jamaa. Afisa wa Macho naye amekwisha kustaafu, anaishi hapo karibu na kisima cha umma, anafuga kuku. Sikupendekeza lolote. Tulipokuwa tukirudi barabarani, mke wangu alisema tu, "Tupitie kwa yule."

Tulimkuta anafagia. Amekonda. Alimtazama mtoto kwanza, ndivyo alivyokuwa. "Kuja hapa, wewe. Jina lako nimesahau, lakini hilo jicho lako sijasahau." Alimziba jicho la kulia kwa kiganja, akamwonyesha gunia la chakula cha kuku lililoning'inia ukutani. Mtoto alisoma maandishi makubwa, akashuka kwenye madogo, akashuka tena, akakwama karibu na mwisho.

"Imebaki kidogo," alisema Afisa wa Macho. "Pengine haitakuja yote. Lakini linaona."

Kisha akasimama mbele ya mke wangu, mikono haina mahali pa kukaa. "Mwaitu, yale maneno nilikuambia kliniki hayakuwa ya haki. Mimi ndiye sikueleza."

"Uliyasema mbele ya watu," alijibu mke wangu. "Sasa unayaondoa mbele ya kuku."

Afisa wa Macho aligeuka, akaenda hadi langoni. Wanawake walikuwa wakipita na mitungi kutoka kisimani. "Simameni!" aliwaita. "Kujeni hapa, tafadhali." Walisogea, wakatua mitungi, wakitarajia labda anauza mayai. "Huyu mama nilimwambia mbele ya watu wa soko la Kathonzweni kwamba amempofusha mjukuu wake. Ilikuwa uwongo. Mimi ndiye nilieleza vibaya, yeye akafuata vile nilieleza. Nataka mjue."

Walitazamana. Mmoja, mwenye mtungi wa manjano, akauliza, "Na mtoto anaona ama haoni?"

"Anaona. Lakini na macho yote mawili pamoja? Hiyo sijui bado. Ndiyo tutaangalia."

Alichomoa njiti mbili kwenye fagio lake. Alieleza, safari hii polepole, kwamba jicho moja pekee hukosea umbali; macho mawili yanayokutana mahali pamoja ndiyo huuambia mkono ni wapi hasa. Njiti moja itashikwa wima, haitikisiki. Mtoto ashushe ya pili kutoka juu, ncha iguse ncha. Alimpa mke wangu ile ya chini.

"Kwa nini mimi?"

"Shika tu, Mwaitu."

Mara ya kwanza alimziba mtoto jicho moja. Njiti ilishuka mbele ya ile nyingine, ikapita hewani. Mara ya pili ikapita nyuma. Wanawake waliguna. Kisha akaondoa kiganja, akarekebisha miwani juu ya pua ya mtoto, akasema, "Sasa na yote."

Mtoto aliinua njiti. Macho yake yalishuka, yakageuka ndani pamoja, kiasi kilekile kulia na kushoto, mpaka kwenye ile ncha ndogo. Akaushika mkono wake hapo juu, hakuushusha.

"Susu," alisema, "acha kutikisika."

Mke wangu aliushika mkono wake kwa mkono wa pili. Tukangoja, sisi sote pamoja na wale wa mitungi, mpaka ukatulia. Njiti ikashuka, ncha ikakaa juu ya ncha.

"Tena," alisema mke wangu. "Sikuona vizuri."